Mashine ya kusaga matawi kwa trekta ya nguvu za farasi 50: toa kwanza vya makala (makaa), ndipo upime

Swali: “Jambo, fundi. Nina hekta 12 upande wa barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi. Hekta 5 nalima mahindi na mboga, zilizobaki ni pori ambalo nalifungua kidogo kidogo. Nina trekta ya zamani, Massey Ferguson 240. Kila mwaka tunachoma matawi, na mwaka jana moto ulivuka ukala ua wa jirani. Sasa nataka mashine ya kusaga matawi inayozungushwa na trekta. Muuzaji mmoja ana ndogo ya inchi 4, matawi unayasukuma kwa mkono. Mwingine ana ya inchi 8, ya pipa, anasema nikichukua kubwa sitajuta. Nichukue ipi?”

Jambo sana, mama, na pole kwa ule moto. Afadhali uliishia kwenye ua.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: hizo mbili ziache zote. Tafuta mashine ya diski, yenye koo la inchi 5 au 6, inayovuta matawi kwa rola za haidroliki, yaani zinazozungushwa na msukumo wa mafuta, na iwe na pampu na tangi lake lenyewe la mafuta. Ile ya inchi 8 trekta yako haitaiweza. Ile ya inchi 4 trekta itaiweza vizuri, ila vijana wako ndio hawataiweza.

Nianze na miti, maana hapo wauzaji wanapita mbio. Pori la upande wako ni miombo kama pori letu lote la huku: mitondo, miputu, misuku, na vichuguu vingine virefu kuliko nyumba. Ukiangusha mutondo mmoja, chochote kinachozidi unene wa kifundo cha mkono hakifiki kwenye mashine. Kinakuwa makala, au kuni, au nguzo ya ua. Nani hapa Lubumbashi atasaga gogo la sentimita 15 wakati gunia la makala linapata mnunuzi kabla halijafungwa? Kwa hiyo usipime shina. Nenda shambani, angusha mti mmoja, toa vyote vya makala na vya nguzo, halafu pima kile kilicholala chini. Utakuta mengi ni ya sentimita 3 mpaka 8, na machache yanayokaribia 10. Hiyo ndiyo kazi ya mashine yako. Muuzaji wa inchi 8, yaani sentimita 20, anakuuzia kinywa cha kula kitu ambacho tayari umekiuza.

Utaniuliza: kama mengi hayafiki hata inchi 4, kwa nini nisichukue ile ndogo? Sababu ni umbo la tawi. Tawi la mkaratusi limenyooka, unalitia mdomoni linakwenda. Tawi la mutondo limepinda, lina panda kila baada ya mkono mmoja, na panda yenye vijiti vya sentimita 4 tu inaweza kuwa na upana wa sentimita 20. Mashine ndogo za kusukuma kwa mkono zina mdomo wa nje mpana kama karai, lakini inama uangalie ndani: koo ni dogo. Panda inakwama hapo. Kijana anaivuta, anaikata kwa panga, anaisukuma tena, inarudi. Nimewahi kusimama saa nzima kwenye shamba moja nikiangalia vijana watatu na mashine ya namna hiyo, na kwa hesabu yangu panga lilifanya kazi kuliko mashine. Tena mtu anayesukuma tawi gumu kwa mkono anazoea kuinama, na akizoea kuinama mkono unakaribia mahali usipotakiwa kufika.

Rola zenye meno zinabadilisha kazi nzima. Zinaikamata panda, zinaivunja kwa uzito wake, zinaivuta ndani kwa mwendo uleule. Kijana analeta tawi, analiweka, anaondoka kuchukua lingine. Zikiwa za haidroliki unaweza kupunguza mwendo wake kwa kufungua au kufunga bomba la mafuta, na unaweza kuzigeuza zirudishe tawi nje. Hapo ndipo trekta ndogo inaposaidika: tawi nene unalipeleka polepole, jembamba haraka, na injini haizimiki.

Sasa nguvu. Hesabu hii uifanye mwenyewe, usimwachie mtu. MF 240 ikiwa mpya inahesabiwa karibu farasi 50 kwenye injini. Lakini Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na injini ya mazutu (dizeli) isiyo na tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwetu hiyo ni kama asilimia 12. Farasi 50 wamebaki 44. Halafu kutoka kwenye injini mpaka kwenye PTO, ile shafti ya nyuma ambayo mafundi wetu wanaiita prise de force, gia na mafuta vinakula tena asilimia 13 au 15. Wamebaki 38. Na hiyo ni kama pampu ya mazutu na pistoni bado ni nzima. Kwa trekta ya umri wa hiyo yako mimi ningehesabu farasi 33, nisijidanganye.

Kwa mti mgumu, mafundi wengi wanahesabu farasi 5 mpaka 6 wa PTO kwa kila inchi ya tawi, na miombo ni migumu kweli. Gawanya 33 kwa 6: inchi 5 na nusu. Ya inchi 8 ingetaka farasi 48 kwenye PTO, ambao hata trekta yako mpya, chini kabisa ufukweni Moanda, isingewatoa. Ingezunguka, ndiyo, ingesaga vijiti, lakini kila tawi nene lingeshusha mzunguko, vijiti vingejaa kwenye bomba la kutolea, na nusu ya siku ingekwisha mkifungua mfuniko. Ukiona mashine za Kichina zenye maandishi BX42, BX52, BX62, tarakimu ya kwanza ndiyo inchi. Kwako wewe ni 5, au 6 yenye haidroliki ambayo hutailisha zaidi ya sentimita 12.

Kuhusu diski na pipa sitakaa sana. Pipa la visu linakula vizuri matawi yaliyofungamana na linapatikana kwenye mashine kubwa za manispaa, lakini linataka farasi zaidi na ufunguzi wake wa visu unasumbua. Diski ni gurudumu zito la chuma lenye visu viwili au vinne usoni. Uzito wake unahifadhi nguvu, kwa hiyo tawi likiingia ghafla gurudumu linasaidia injini. Kwa trekta ndogo, diski.

Kwa nini nimesisitiza pampu yake yenyewe? MF 240 nyingi zilizofika huku hazina mabomba ya haidroliki ya kulisha mashine ya nje, zina ya kuinua mikono tu. Nyingine ziliwekwa vali na fundi wa mtaani, na mafuta yake yanachanganyika na mafuta ya gia, yana maji, yana chuma. Mashine yenye pampu na tangi lake haijali uchafu huo. Kama rola zinasimamishwa na kifaa cha umeme kinachosoma mzunguko wa diski, ni kitu kizuri sana, kinakinga injini, lakini mwombe muuzaji akupe sensa ya akiba siku hiyohiyo. Ikifa katikati ya kazi, hutaki kuisubiri ivuke mpaka wa Kasumbalesa.

Kabla ya kulipa, chukua kitambaa, futa grisi kwenye shafti ya PTO ya trekta yako, uhesabu meno. Shafti ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika ina meno 6 na unene wa milimita 35. Ya mizunguko 1,000 mara nyingi ina meno 21. Baadhi ya trekta za Kichina na za Belarus zinakuja na meno 8, na kuna za Kichina zinazozunguka 540 na 720. Yako nategemea ni meno 6, lakini trekta ya zamani imepita mikono mingi na mimi siamini mpaka nione. Usiruhusu mtu akuchomelee kipande cha kuunganisha shafti mbili zisizolingana. Uangalie pia pini za mikono mitatu ya nyuma: pini za chini za kundi la kwanza ni milimita 22, za kundi la pili ni 28. Hii tofauti haina shida, inarekebishwa kwa bushi.

Kardani, ile shafti inayounganisha PTO ya trekta na mashine, ndiyo inanifanya niandike kirefu hapa, maana hiyo ndiyo imeniletea wateja wengi wenye huzuni. Kardani inayokuja na mashine ni ndefu kwa makusudi, ili uikate ilingane na trekta yako. Watu hawajui, wanaifunga hivyohivyo. Mteja wangu mmoja alifunga yake ikaingia kwa kugonga gonga nyundo, akafurahi. Siku ya kwanza alipoinua mashine kwa mikono ya trekta, mirija miwili ya kardani ilifika mwisho, haikuwa na pa kwenda, ikasukuma shafti ya PTO kuelekea ndani. Alipoleta trekta, mafuta yalikuwa yanatiririka nyuma mpaka kwenye matairi, na beringi ya ndani ilikuwa imepasuka. Kwa hiyo: funga mashine kwenye mikono bila kardani, iinue na uishushe polepole, tafuta mahali ambapo shafti mbili zinakaribiana kabisa. Hapo kardani iliyofungwa ibakiwe na nafasi ya sentimita 3 au 4 kabla ya kufika mwisho. Mahali zinapoachana zaidi, mirija iendelee kupishana angalau theluthi moja ya urefu wake. Kata mirija ya chuma ya ndani na ya nje kwa kipimo kilekile, kata na plastiki ya kinga vivyo hivyo, piga tupa kwenye kingo, paka grisi.

Bolti ya kukatika iliyo kwenye kardani imewekwa ife ili gia ipone. Ikikatika, weka ya daraja lilelile lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Nimeona watu wanaweka bolti ngumu ya injini ya lori kwa sababu “hii haikatiki.” Kweli haikatiki, kinachokatika ni msalaba wa kardani, na ukikatika kwa mizunguko 540, yaani mizunguko 9 kila sekunde, vipande vinaruka. Nunua bolti 20 za akiba ziwe ndani ya sanduku la trekta. Tena uulize kama kardani ina klachi ya kuachia: ile diski nzito haitaki kusimama, na ukizima PTO bila klachi hiyo inaendelea kuisukuma trekta kwa nyuma.

Visu vyetu huku vinakufa haraka. Gome la miombo lina vumbi, matawi yanakokotwa chini kwenye udongo mwekundu, na yale yaliyoota juu ya kichuguu yana udongo mpaka ndani ya nyufa za gome kwa sababu mchwa wamejenga humo. Waambie vijana wabebe, wasikokote, na matawi yenye njia za mchwa wayapige chini kwanza. Ukitaka kujua hali ya visu usifungue mfuniko, chukua konzi ya chenga zinazotoka. Kisu kikali kinatoa vipande vyenye kingo safi, kama sarafu nene. Kisu butu kinatoa nyuzi, vumbi na vipande vilivyochanika, na tawi linaanza kurukaruka mkononi. Kinoe mapema, kwa pembe ileile ya kiwandani, na mashine ya kunolea isikifanye chuma kuwa buluu, maana hapo kimepoteza ugumu. Noa visu vyote kwa kiasi kimoja, kisha vipime kwenye mizani ya jikoni. Kimoja kikiwa chepesi, diski itatetemeka na kula beringi.

Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini kisichozunguka iwe kati ya milimita 1 na 1.5, kama kitabu hakisemi vingine. Mimi napima kwa nyembe mbili za msumeno wa chuma zikiwa zimebebana: ziingie kwa kugusa, zisilegee. Zungusha diski kwa mkono, PTO imezimwa, ufunguo wa trekta mfukoni mwako wewe. Nunua seti mbili za visu siku ya kwanza. Wako mafundi hodari wa kukereza mjini kwa sababu ya migodi, na ningewaamini kwa shafti na bushi, lakini kisu kilichokatwa kwenye springi ya lori usikiweke. Kinaweza kupasuka kikiwa ndani.

Kuna kitu muuzaji hatakuambia: sehemu kubwa ya kazi yako ya kila mwaka si ya mashine hii. Miombo haifi ukiikata, inachipua tena kwenye kisiki, na mwaka unaofuata una vichaka vya unene wa kidole. Kuvikata kimoja kimoja na kuvibeba kwenye mashine ni kupoteza siku. Hivyo vikatwe na mashine ya kufyekea ya nyuma ya trekta, ile yenye visu vinavyozunguka chini ya bati, ambayo MF 240 inaiendesha bila shida. Kama fedha inatosha moja tu mwaka huu, na pori jipya unalofungua halizidi nusu hekta, ningenunua ya kufyekea kwanza na kukodi ya kusaga. Visiki vyote vikatwe sawa na ardhi. Kisiki cha mshazari ni mkuki kwa tairi.

Wakati mzuri wa kusaga ni kuanzia mwisho wa mvua, Aprili mpaka Juni. Matawi bado yana maji, yanakatika kwa ulaini, ardhi imeanza kushika trekta, na unamaliza kabla ya moto wa kiangazi kuanza kutembea. Tawi lililokauka mpaka Septemba linalia kwenye visu kama mfupa. Na mama, sijasema ukate yote: acha mitondo mikubwa kadhaa kwa ajili ya finkubala, wale viwavi wa kuliwa, na uache misuku pia. Uyoga wa miombo unaishi na mizizi ya miti hiyo, ukimaliza miti umemaliza na uyoga.

Chenga zitakuwa nyingi, na hizo ndizo faida uliyokuwa unaichoma. Kwenye mboga na miti ya matunda zitandaze juu ya udongo, unene wa sentimita 5 mpaka 10, mbali kidogo na shina. Usizilime ndani ya udongo zikiwa mbichi: vijidudu vinavyoozesha mti vitakula nitrojeni ya udongo, mahindi yatakuwa ya njano. Kwa shamba la mahindi, zichanganye na mavi ya kuku, nyunyizia maji, geuza kila baada ya wiki chache, uzipeleke msimu unaofuata. Karibu na nyumba usiziweke, mchwa wa hapa hawahitaji mwaliko.

Wanaolisha mashine wasimame pembeni ya mdomo, upande ule wenye mtambo wa kusimamishia rola, wala wasisimame mbele yake. Tawi liingie kwa upande wa shina, na mtu aliachie mara rola zikilishika. Kitenge, mtandio, kamba ya koti, glavu zenye mikono mirefu: hakuna kinachoruhusiwa karibu na kardani wala mdomo. Miwani na kinga ya masikio ni lazima. Waya wa ua na misumari vichunguzwe, hasa kwenye nguzo kuukuu. Na miti ya maziwa meupe, ile euforbia inayoota kwenye vichuguu na ile ya ua za mjini, isiingie kabisa. Utomvu wake ukirushwa na diski ukaingia machoni unachoma vibaya na unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa.

Siku ya kwenda kwa muuzaji, nenda na trekta yako kama njia inaruhusu, na matawi matatu ya mutondo yenye panda, mabichi, mojawapo la sentimita 10. Mwombe ayasage mbele yako, trekta ikiwa kwenye mizunguko 540. Sikiliza injini tawi nene linapoingia: ikishuka ikapanda tena yenyewe, sawa, ikishuka ikabaki chini, hiyo ni kubwa kwako. Jaribu kurudisha rola nyuma tawi likiwa nusu ndani. Pima koo kwa utepe, upana na urefu, usichukue neno. Kabla ya hapo futa ile grisi, hesabu meno, uniandikie ni mangapi na shafti ina unene gani, nikuambie kardani ya kuagiza.